Lumbesa ya i7

Katika soko la vitunguu la Misuna, mjini Singida, neno "gunia" peke yake halimalizi mazungumzo. Gunia gani? Limeshonwa mdomoni, au limevishwa wavu juu likaota nundu kama ya fahali? Wakulima wa Mkalama, Iramba na Ikungi wameumizwa na gunia hilo la nundu, lumbesa, miaka nenda rudi. Sheria ya Vipimo, Sura 340, pamoja na kanuni zake, hairuhusu gunia la mazao kupita kilo 100, lakini lumbesa haijafa. Mkulima aliyekwisha kuumwa na nyoka huyo hauzi kwa gunia. Kwanza anauliza mizani iko wapi.

Sasa tumfuate mkulima wa namna hiyo, pamoja na binti yake, hadi kwenye duka la kompyuta. Binti amepata nafasi ya kusoma uhasibu, chuo kinafunguliwa wiki ijayo, na mzee ametenga pesa za vitunguu kwa ajili ya kompyuta mpakato. Juu ya kaunta ziko mbili. Zote zimetumika, zote za rangi ya kijivu, zote zimefutwa vumbi zikang'aa. Muuzaji anaigonga moja kwa ncha ya kidole.

"Chukua hii, dada. Hii ni i7. Ile ni i5 tu."

Tofauti ya bei, tuseme, ni shilingi elfu themanini. Familia isiyokubali gunia bila mizani iko mbioni kununua gunia.

Maana "i7" ni gunia. Si uongo, ila halisemi ndani mna kilo ngapi. Kilo zimeandikwa mbele yake kidogo, katika tarakimu chache na herufi moja ambazo wanunuzi wengi huziruka kwa kuwa zinafanana na namba ya chasisi ya pikipiki.

Si watu wachache wanaokumbana na kaunta ya aina hiyo. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi 2,008,058 katika mkoa wa Singida, na mambo mengi ya wakazi hao yamehamia kwenye skrini: maombi ya mkopo wa elimu ya juu, maombi ya ajira serikalini, matokeo ya mitihani ya taifa. Singida mjini ipo kampasi ya Taasisi ya Uhasibu Tanzania. Huko Kiomboi, Manyoni na Itigi, steshenari yenye laptopu moja na printa moja ndiyo ofisi ya mtaa mzima. Nyingi ya mashine hizi si mpya. Zilianza kazi kwenye meza za kampuni Ulaya, Marekani au nchi za Ghuba, zikastaafishwa baada ya miaka michache, zikauzwa kwa jumla, zikafika Kariakoo, kisha zikapanda basi kwa safari ya kilomita karibu 700 hadi Singida. Katika safari hiyo boksi limepotea, karatasi zimepotea, na aliyejua mashine ilinunuliwa lini hayupo. Kilichobaki ni stika iliyo pembeni ya kibodi na maneno ya muuzaji.

Lugha yenyewe inamsaidia mnunuzi kwa kiasi. Mpakato ni jina zuri, limetoka kwenye kupakata, kwa sababu mashine hukaa mapajani kama mtoto. Prosesa nayo, ile sehemu inayoitwa i5 au i7, kwa wanaopenda Kiswahili cha vitabuni, ni kichakataji. Mtaani ni prosesa, na makala hii itabaki mtaani.

Kazi yake si fumbo kwa mtu aliyewahi kusimama kwenye kiwanda kidogo cha kukamua alizeti, na Singida ni nani asiyewahi? Nyuma kuna ghala lenye magunia: hiyo ndiyo diski, mahali ambapo picha, nyaraka na programu hulala hata umeme ukikatika. Mbele ya mashine kuna turubai ambapo mbegu zinazosubiri zamu yake humwagwa: hiyo ni RAM. Turubai likiwa dogo, mtu hushinda akikimbia ghalani na kurudi, mashine ikimsubiri. Mashine yenyewe, ile inayopiga kelele na kutoa joto na mafuta, ndiyo prosesa. Ghala likiwa kubwa kama uwanja wa mpira, mafuta hayatoki haraka zaidi kwa sababu hiyo.

Mfano huu unakwenda mbali kuliko unavyodhaniwa. Kiwanda kinaweza kuwa na mashine mbili au nne zikikamua kwa wakati mmoja. Katika prosesa hizo huitwa viini. Kila mashine ina kasi yake ya kuzunguka. Kwenye prosesa kasi hiyo hupimwa kwa gigahezi, na gigahezi moja ni mipigo bilioni moja kwa sekunde. Lakini kila mkamuaji anajua jambo la tatu ambalo halibandikwi ukutani: mzunguko mmoja wa mashine mpya hutoa mafuta mengi kuliko mzunguko mmoja wa mashine chakavu ya zamani. Hapo ndipo wanunuzi wengi wa kompyuta hupotea. Wanahesabu mizunguko, hawapimi mafuta.

Historia imewahi kutoa ushahidi wa jambo hilo. Mwaka 2004 kampuni ya Intel ilikuwa ikiuza Pentium 4 yenye kasi ya gigahezi 3.8, na mpango wa kufikisha gigahezi 4 ukafutwa mwaka huohuo kwa sababu ya joto. Ukiiweka Pentium 4 hiyo kando ya prosesa ya laptopu ya mwaka 2017 iliyoandikwa gigahezi 1.6, ile ya zamani itaachwa mbali, tena huku ikimeza umeme mara kadhaa zaidi.

Prosesa ya kwanza kuuzwa ikiwa imekamilika ndani ya kipande kimoja ilikuwa Intel 4004, ya Novemba 1971. Ilikuwa na transista 2,300, yaani vilango vidogo vya umeme vinavyofunguka na kufungika, na kasi yake haikuzidi mipigo 740,000 kwa sekunde. Wakati huo serikali ya Tanzania ilikuwa imeshaionja kompyuta: mashine iliyoitwa ICT 1500 ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Haikupita miaka mingi, mwaka 1974, serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Leo prosesa ya M1 ambayo Apple iliitoa Novemba 2020 ina transista bilioni 16, na mtu anapita nayo pale stendi ikiwa ndani ya begi la mgongoni.

Malighafi yake, kwa taarifa tu, imeuzunguka mji wa Singida pande zote. Yale majabali yanayotazama maziwa ya Kindai na Singidani ni matale, na ndani ya matale mna kwazi, ambayo ni silikoni iliyoungana na oksijeni. Silikoni ndiyo inayotengenezewa prosesa. Asiyejua asije akaanza kupasua mawe: silikoni ya kazi hiyo husafishwa mpaka uchafu wake hauzidi chembe moja kati ya bilioni, na viwanda vinavyoweza kuichora inavyotakiwa ni vya kuhesabika duniani.

Turudi kaunta. Binti ameiwasha ile i5, ile iliyodharauliwa. Anabonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kidirisha kinatokea chini kushoto, anaandika msinfo32 na kubonyeza Enter. Orodha ndefu inafunguka. Kwenye mstari unaoanza na "Processor" pameandikwa Intel Core i5-8350U, na mbele yake 1.70GHz. Anafanya vilevile kwenye ile nyingine. Inajibu: i7-4600U, 2.10GHz.

Hapa muuzaji anatabasamu. "Unaona? Hii i7, ile i5. Hii mbili nukta moja, ile moja nukta saba. Namba haidanganyi, mzee."

Zisomwe namba hizo polepole, kuanzia kwenye kistari. Katika 4600U, tarakimu ya kwanza ni 4: kizazi cha nne cha familia ya Intel Core, mashine ya mwaka 2013. Katika 8350U, tarakimu ya kwanza ni 8: kizazi cha nane, mwaka 2017. Tarakimu tatu zinazofuata, 600 na 350, hupanga cheo ndani ya kizazi kilekile na hazifai kulinganishwa kati ya kizazi na kizazi. Herufi U, iliyopo kwa zote mbili, husema kwamba prosesa imetengenezwa kubana matumizi ya umeme. Zote zimepangiwa wati 15.

Ndani sasa. Ile i7 ya kizazi cha nne ina viini viwili. Ile i5 ya kizazi cha nane ina vinne. Ile kasi iliyoandikwa mwishoni ni ya kuanzia tu. Kazi ikibana, i7 hiyo hupanda hadi gigahezi 3.3 na i5 hupanda hadi 3.6. Kwa hiyo, kwa umeme uleule, kuna mashine mbili za zamani upande mmoja na mashine nne za kisasa upande wa pili, na zile nne zinaweza pia kuzunguka kwa kasi zaidi. Ile yenye stika ya i7 ndiyo iliyoongezwa elfu themanini.

Kwa nini kizazi cha nane kiwe mpaka mkubwa hivyo? Kwa miaka mingi Intel iliziachia i5 na i7 nyingi za laptopu nyembamba viini viwili tu. Ilikuwa haina wa kuibabaisha. Mwezi Machi 2017 mpinzani wake wa siku nyingi, AMD, akaingia sokoni na prosesa za Ryzen. Agosti ya mwaka huohuo Intel ikatangaza kizazi cha nane, na prosesa za wati 15 zikatoka viini viwili zikawa na vinne. Ndiyo maana i5-8250U huipita i7-7500U kwenye kazi zinazotumia viini vingi, ingawa zimepishana mwaka mmoja tu na ingawa wauza duka wengi bado hupanga bei kinyume chake. Soko la mtumba halijasahau kwamba saba ni kubwa kuliko tano.

Huu si ubishi wa mafundi. Oktoba 14, 2025 Microsoft ilifikisha mwisho msaada wa kawaida wa Windows 10. Mrithi wake, Windows 11, aliyetoka Oktoba 2021, amewekewa masharti, na sharti moja ni orodha ya prosesa zinazokubaliwa. Kwa Intel Core, orodha hiyo inaanza kizazi cha nane, ukiacha chache sana za nyuma yake. Kwa Ryzen za laptopu, mstari huo hupita takribani kwenye mfululizo wa 3000. Kwa maneno mengine, ile i7-4600U imeachwa nje ya mlango, na ile i5-8350U imo ndani.

Fundi wa mtaani atasema anaweza "kupiga" Windows 11 hata kwenye mashine ya kizazi cha tatu, na ni kweli anaweza. Njia za kuruka ukaguzi zipo na zinajulikana. Ila Microsoft haiahidi masasisho kwa mashine iliyoingizwa kwa mlango wa nyuma. Anayetaka kuitumia mashine ya zamani kwa amani ana njia ya Linux, kwa mfano Ubuntu au Linux Mint, isiyo na ada na isiyo na orodha hiyo ya prosesa. Kwa barua, mahesabu na kuingia mtandaoni inatosha kabisa. Kinachokwamisha ni pale ofisi au mwalimu anapotaka programu ambayo haipo Linux.

Hata hivyo orodha ya Microsoft si mizani ya kasi. Celeron N4020, prosesa dhaifu ya mwaka 2019 yenye viini viwili, imo kwenye orodha. i7-7500U, inayoikimbia mbali, haimo. Jina Celeron, pamoja na Pentium za laptopu za miaka ya karibuni, kwa kawaida ni alama ya mashine ya bei ya chini, na hakuna ubaya mtu akilijua hilo kabla ya kulipa. Tatizo ni kwamba laptopu hizo huuzwa zikiwa mpya, ndani ya boksi, zikinukia plastiki. Harufu hiyo ina nguvu. Mzazi anayeona boksi jipya upande mmoja na kompyuta ya kampuni iliyotumika miaka mitano upande wa pili, atachagua boksi, na mara nyingi atakuwa amechagua mashine ndogo. Mwaka 2022 Intel ilitangaza kuyastaafisha majina ya Celeron na Pentium kwenye laptopu, kwa hiyo mashine mpya za daraja hilo sasa zina majina kama N100. Jina limebadilika, daraja ni lilelile.

Kusoma tarakimu nako kuna mitego yake, na hapa watengenezaji hawana wa kumlaumu ila wenyewe. Kizazi cha kumi kilikuja na tarakimu tano: i5-10210U. Hiyo ni rahisi, soma mbili za mwanzo. Kizazi cha kumi na moja kikarudi kwenye nne: i5-1135G7. Cha kumi na mbili pia: i5-1235U. Mtu aliyejifunza kusoma tarakimu ya kwanza tu atasema hizo ni za kizazi cha kwanza na kuziacha mezani, kumbe amekataa mashine mpya kuliko zote dukani. Dawa ni kukumbuka kwamba kizazi cha kwanza halisi kilikuwa na tarakimu tatu, kama i5-520M. Palipo na nne zinazoanza na 1, soma mbili. Kisha Desemba 2023 Intel ikaleta Core Ultra, herufi i ikaondoka, na hesabu ikaanza upya.

AMD wamevuruga zaidi. Ryzen 5 7520U, iliyotoka 2022, ina 7 mbele na inaonekana ya juzi, lakini usanifu wa viini vyake ulianzia 2019. Katika mfululizo huo wa 7000, siri iko kwenye tarakimu ya tatu: ikiwa 2, usanifu ni ule wa 2019, uitwao Zen 2; ikiwa 4, ni Zen 4, ulio mpya zaidi. Ni kama gunia la vitunguu vya mwaka jana lililoshonwa upya mdomo. Na mashine za AMD za kabla ya Ryzen, zenye stika za E1, E2, A4 au A6, ziachwe zilipo.

Wauza duka wenye uzoefu wana njia ya mkato ambayo si mbaya: hutazama jina la laptopu badala ya prosesa. Kwenye HP EliteBook 840, G1 mara nyingi hubeba kizazi cha nne, G2 cha tano, G3 cha sita, G4 cha saba, G5 cha nane. Yaani jumlisha tatu. Kwenye ThinkPad za T, tarakimu ya kati hufuata kizazi: T440 ni cha nne, T450 cha tano, T460 cha sita, T480 cha nane. Lakini ni "mara nyingi", si sheria. T470 nyingine zina kizazi cha sita ndani, na hesabu ya kujumlisha tatu inavunjika ikifika G6. Jina la laptopu ni kama kusikia kwamba mzigo umetoka Mkalama. Ni habari njema, lakini bado upimwe.

Mzee, aliyekuwa kimya muda wote, anauliza swali la mtu wa sokoni.

"Na hiyo mizani yenyewe, nani kaikagua?"

Ni swali zuri kuliko yote yaliyoulizwa dukani humo. Stika haina thamani ya ushahidi. Stika za i7 zinauzwa kama stika nyingine yoyote, na kuibandika ni kazi ya sekunde mbili. Hata lile jina linaloonekana ndani ya Windows linaweza kuchezewa, kwa kuwa limehifadhiwa kama maandishi kwenye rejista ya mfumo, na mjuzi anaweza kuyaandika upya. Mizani za uhakika zaidi ni mbili. Ya kwanza ni kuzima mashine, kuiwasha upya na kuingia kwenye bayosi kabla Windows haijaamka: kwa HP bonyeza F10, kwa Dell F2, kwa ThinkPad F1. Huko jina la prosesa linasomwa kabla Windows haijapata nafasi ya kusema lolote. Ya pili ni programu ndogo ya bure iitwayo CPU-Z, yenye toleo lisilohitaji kusakinishwa. Ikiwekwa kwenye flashi na kuchomekwa, inaiuliza prosesa moja kwa moja na kuonyesha jina, idadi ya viini na kasi. Muuzaji mwenye mzigo safi hakatai flashi. Anayekataa kwa madai ya vairasi ana haki yake, ila basi akubali bayosi.

Kama muda haupo, vitufe vya Ctrl, Shift na Esc vikibonyezwa pamoja hufungua dirisha linaloonyesha shughuli za mashine. Ukurasa wake wa utendaji una faida ambayo karatasi haina: prosesa inaonekana ikifanya kazi. Fungua video, fungua kurasa tano za intaneti, kisha tazama mstari. Ukigonga juu na kubaki huko, mashine imeelemewa. Ukitulia chini huku kompyuta ikiwa bado nzito, lawama si ya prosesa. Huenda ni diski ya zamani ya sahani inayozunguka, au RAM ya jibii nne inayolia kwa kubanwa. Hapo fundi akifunga SSD na kuongeza RAM, kompyuta iliyokuwa ikifunguka kwa dakika tatu huamka kabla chai haijapoa.

Prosesa haina bahati hiyo. Kwenye laptopu nyingi tangu kizazi cha nne na cha tano, imechomelewa kwenye bodi mama kwa mamia ya vitone vya lehemu, na hakuna kuing'oa na kuweka nyingine kama betri. Ndiyo sababu inastahili kuulizwa kwanza: RAM na diski ni vitu vya kurekebishika mwakani, vitunguu vikilipa. Prosesa inayonunuliwa leo ndiyo itakayozikwa na mashine.

Kuna jambo jingine la hapa mjini. Singida ni ya upepo na vumbi, na feni ya laptopu huvuta vyote viwili. Vumbi likijaa kwenye matundu ya kutolea joto, prosesa huanza kuchemka, na ikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi hujipunguza kasi yenyewe ili isiungue. Mwenye mashine huona tu kwamba kompyuta "imezeeka". Haijazeeka, imefunikwa pua. Kufunguliwa, kupulizwa na kupakwa upya ile grisi ya kupitisha joto kunaweza kurudisha kasi iliyodhaniwa kwamba imekwenda moja kwa moja. Walio vijijini wanaotegemea paneli ya jua wana sababu ya pili ya kuitazama herufi ya mwisho. Prosesa ya U imepangiwa wati 15, ilhali ya H, ya wacheza michezo na wahariri wa video, huanzia wati 45 kwenye mashine nyingi. Betri ya wati-saa 50 kwenye mashine inayotumia wati 10 kwa wastani itasukuma saa tano. Ikitumia wati 40, saa moja na robo, na jua limeshazama.

Kuhusu vishikwambi, ambavyo walimu wengi wa mkoa wanavyo tangu vile vya Sensa ya 2022 vilipogawiwa shuleni, habari ni tofauti kidogo. Ndani yake, kama ndani ya simu karibu zote, mna prosesa za ukoo wa Arm, uliozaliwa Cambridge, Uingereza, mwaka 1985. Prosesa hizo zina lugha yake, na programu iliyoandikwa kwa Intel haizielewi bila mkalimani. M1 ya Apple ni ya ukoo huohuo, na tangu 2024 laptopu za Windows zenye Snapdragon X nazo zimejiunga. Anayekutana na laptopu ya ukoo huo kwa bei nzuri aulize kwanza kama programu yake ya uhasibu inakubali kukaa humo.

Pale kaunta, flashi haikuwepo. Binti amezima mashine, ameiwasha, amebonyeza F10 mpaka kucha ikauma. Skrini imefunguka: i5-8350U. Anamgeukia baba yake na kutikisa kichwa kukubali. Mzee anafungua pochi, anahesabu noti, kisha anasimama kidogo akizishika.

"Kijana, hii umesema ni i5 tu."

"Ndiyo, mzee."

"Basi ipunguzie bei."

Muuzaji anacheka, anajikuna shingo, anapunguza elfu ishirini na kuongeza begi. Ile nyingine anaifunga, anaifuta tena kwa kitambaa, na kuirudisha kwenye rafu, stika ya i7 ikitazama mlangoni.